Nani Alikohoa Kwanza

Kila asubuhi, kabla hajawasha mashine yake ya kusaga karanga, Teresina alimpigia simu mdogo wake Lako na kumwuliza swali lile lile.

"Mtoto iko namna gani?"

"Iko salama, Dada. Ameamka vizuri."

"Amekojoa?"

"Amekojoa."

"Mkojo rangi gani?"

"Dada, niko ofisini. Watu wananisikia."

"Waache wasikie. Rangi gani?"

"Mweupe. Kama maji ya chupa."

Hapo Teresina alishukuru Mungu, akakata simu, akawasha mashine, na mtaa mzima wa Kator ukajua kumekucha.

Mtu asiyewajua angedhani wanazungumzia kitoto kichanga. Mtoto huyo alikuwa figo, tena figo ya Teresina mwenyewe, ya upande wa kushoto. Madaktari wa Nairobi waliitoa ubavuni mwake wakaipandikiza chini ya tumbo la Lako, baada ya figo zote mbili za Lako kuharibiwa na shinikizo la damu ambalo hakujua kama analo. Watu walipomsifu Teresina kwamba ametoa figo, alikunja uso. Hakulipenda neno hilo. Hajatoa kitu, alisema. Amempeleka mtoto akalelewe kwa mjomba wake.

Yeye na Lako ni Wabari, na mjini Juba Kiarabu cha hapa kinawatosha watu wote, lakini wao wawili walizungumza Kiswahili. Walikiokota Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi iliyokuwa karibu na Pakele, wilaya ya Adjumani. Walikiokota kwa wanajeshi, kwa madereva wa malori, kwa wanawake wa sokoni. Hakikuwa Kiswahili cha kitabuni. Kilikwenda pekupeku, hakikujali kama mtoto *yuko* au *iko*, lakini kiliwafikisha. Waliporudi Juba, Uganda ikiwa imebaki nyuma na mama yao amezikwa huko, walikitunza kama watu wengine wanavyotunza picha. Lako alipomwoa Lilly, msichana aliyerudi kutoka Nakuru, bibi harusi alisikiliza mazungumzo yao siku mbili tatu, akashika kichwa. "Wifi," alimwambia Teresina, "hiki ni Kiswahili ama ni makosa?"

"Ni cha kwetu," Teresina akamjibu.

Walivuka mpaka wakiwa watoto, vita vilipoizingira Juba. Mama yao aliwabeba kwa zamu, huyu mgongoni hadi mtoni, yule mgongoni hadi kilimani. Baba yao alibaki nyuma kuangalia nyumba, na habari zake zikaishia hapo. Kambini walipewa nguzo, turubai, jembe, na kipande cha ardhi chenye mawe. Mama akalima ufuta na muhogo, akaenda sokoni kuuza, akarudi jua likiwa limeelekea machweo. Kuanzia asubuhi hadi hapo, mama wa Lako alikuwa Teresina, ambaye mwenyewe alikuwa bado na meno ya utotoni.

Alimwosha, alimlisha, alimpiga, alimpigania. Walilala mkeka mmoja, wakajifunika blanketi moja la kijivu lililonuka mafuta ya lori. Walikunywa kwa kikombe kimoja cha plastiki kilichokatika mkono. Mvua za kwanza zilipoanza, waliungana na watoto wa jirani yao Lam, wakazunguka kichuguu, wakapiga vijiti juu yake kwa mwendo wa haraka, kitititi kitititi, ili kumbikumbi waliomo ndani wadhani mvua imerudi. Nao wakadanganyika, wakatoka, mabawa yanameta, watoto wakawachota kwa mikono na kuwatia mdomoni wakiwa hai. Hata sasa, akiwa mwanamke wa makamo mwenye mashine na wateja, Teresina hajapata kula kitu kinachokaribia utamu ule. Dakwa yake ni nzuri. Hoteli za Thongpiny hutuma magari kuifuata, karanga iliyosagwa ikawa laini kama mafuta ya kujipaka. Lakini si kumbikumbi wa Pakele.

Kwa hiyo madaktari waliposema kwamba figo ya ndugu wa damu ndiyo itakayomfaa Lako zaidi, hakukuwa na kikao. Mumewe, Pitia, fundi wa kujenga, aliuliza tu: "Na wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki na moja. Hata wewe una mke mmoja, na unaishi."

Wakaenda Nairobi kwa upasuaji. Mwaka uliofuata ulikuwa mzuri. Lako alirudi kazini, akaendesha gari la shirika moja lenye ofisi Thongpiny, akanenepa mashavu kwa dawa. Dawa hizo alizimeza asubuhi na jioni bila kukosa. Aliambiwa akwepe misongamano, avae barakoa kwenye vumbi, achemshe kila tone la maji. Alitii. Teresina alihakikisha anatii.

Kisha, kiangazi kikiwa kimeanza, vipimo vya damu vikaanza kuharibika. Lako hakuumwa popote. Hakuvimba, hakupata homa, mkojo ulikuwa mweupe vile vile. Lakini takataka ambayo figo inapaswa kuichuja ilikuwa imeanza kubaki kwenye damu, mwezi huu kidogo, mwezi uliofuata zaidi. Akapelekwa Nairobi, wakamchoma sindano ndefu, wakachukua kipande cha figo kidogo kama punje ya ulezi. Aliporudi, Teresina alifunga mashine, akavaa lawa yake nzuri, akaifunga fundo begani, akaenda na Lako na Lilly kusikiliza majibu.

Zahanati ilikuwa Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege. Daktari Florence, aliyemfuatilia Lako tangu alipotoka hospitali, alikuwa mwanamke mwembamba aliyesomea Kampala, na Kiswahili chake kilitembea polepole kikichagua mahali pa kukanyaga.

"Figo inaumwa," alisema. "Tuliogopa kwamba mwili umeanza kuikataa. Siyo hilo. Ni kirusi."

"Ukimwi?" Teresina akauliza, maana hicho ndicho kirusi alichokijua.

"Hapana, Mama. Hiki kinaitwa BK. Mimi, wewe, huyo dereva wa raksha aliyekaa nje, karibu sote tunacho. Tulikipata utotoni. Tulikohoa kidogo, tukapata homa kidogo, tukapona, tukasahau. Chenyewe hakikuondoka. Kilikwenda kulala ndani ya figo."

"Kinalala tu?"

"Maisha yako yote. Mwili una walinzi wanaokiangalia, basi kinalala. Sasa Lako anameza dawa za kuwatuliza walinzi hao, kwa sababu wakiwa macho wataiona figo yako ni mgeni, wataishambulia. Walinzi wamesinzia. Na aliyelala ameamka."

"Mpe dawa ya kumwua."

"Dawa ya uhakika ya kumwua hatuna. Tunachoweza ni kupunguza zile za kutuliza, ili walinzi waamke kidogo, wamrudishe kulala. Kidogo tu. Tukiwaamsha sana, watasahau kirusi na kuigeukia figo."

Lilly alikuwa akiuliza kuhusu vidonge, kipi kipunguzwe na kwa kiasi gani, na Daktari Florence alikuwa akimwonyesha. Teresina hakusikia. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Daktari," alisema. "Huyu mdudu, Lako amempata wapi?"

Lako akageuka kwenye kiti. "Dada, hilo halina maana."

"Sikukuuliza wewe. Namwuliza Daktari."

Daktari Florence akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena. "Hatuwezi kujua kwa hakika, Mama. Hata Lako mwenyewe huenda alikuwa nacho kwenye figo zake za zamani. Lakini mara nyingi," akasita, "mara nyingi huja pamoja na figo iliyopandikizwa."

Nje, ndege ilikuwa ikitua, kishindo chake kikajaza chumba. Sauti ilipopungua Teresina alisimama, akasema ahsante kwa adabu kama mtu aliyekaribishwa chai, akatoka. Raksha ya kwanza iliyopita, bajaji ya magurudumu matatu, ndiyo aliyoipanda. Hakuwasubiri wenzake.

Kesho yake hakupiga simu. Wala keshokutwa. Lako alipopiga, Pitia alipokea, akasema yuko kwenye mashine, na kwa nyuma kweli mashine ilikuwa inanguruma. Alipopiga tena, mashine ilikuwa bado inanguruma.

Wateja ndio waliogundua mapema. Teresina hakuwahi kuunguza karanga. Alizikaanga kwenye sinia pana la chuma, akizigeuza kwa mwiko mrefu, na alijua kwa harufu tu wakati wa kuziepua. Wiki ile aliziunguza, akazisaga hivyo hivyo, akauza dakwa nyeusi na chungu. Mwanamke mmoja wa soko la Konyo Konyo alirudisha kopo zima. "Malesh, Mama Teresina," alisema kwa upole, "lakini hii watoto wangu wameitema."

Teresina alilichukua kopo bila kubisha. Alikuwa ameketi mbele ya sinia lakini moyo wake ulikuwa Pakele, mwaka wa kikohozi.

Alikuwa ameusahau mwaka ule. Sasa uliletwa na moshi wa karanga, ukaja mzima. Kambi yote ilikohoa, turubai kwa turubai, kuanzia kwa watoto. Alijiona amelala kwenye mkeka, kifua kinamchoma, na Lako kajikunyata mgongoni pake kama kifaranga. Alijiona anakunywa maji kwa kile kikombe, kisha anampa Lako kilichobaki. Hakuwa na kikombe kingine. Hata angekuwa nacho, nani angemwambia? Alimtafunia muhogo kwa sababu koo la mtoto lilikuwa limevimba, akautoa mdomoni mwake akautia mdomoni mwa Lako. Siku zote alikuwa akizikumbuka siku hizo kama utajiri, pamoja na njaa yake yote, kwa sababu mama alikuwa hai na Lako alikuwa wake. Sasa alizipitia moja moja kama mtu anayechambua mchele, akitafuta jiwe. Zawadi gani hii, alijiuliza, niliyompelekea mdogo wangu imefungwa vizuri, kumbe ndani yake kuna nyoka?

Pitia alijaribu. "Hukujua," alimwambia. "Hata daktari hakujua."

"Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa mabaya hajui. Mtoto anakufa vile vile."

"Hajafa mtu hapa, Teresina."

Teresina akawasha mashine tena.

Jumamosi, jua likiwa limepanda, raksha ikasimama mbele ya kibanda cha mashine. Lako akashuka, amevaa barakoa, na nyuma yake Lilly amebeba kiti cha plastiki. Lilly alikitua kiti mbali na moshi, upande upepo unakotoka, Lako akakaa kama chifu aliyekuja kuamua kesi.

"Simu yako imekufa?" akauliza.

"Haijafa."

"Mimi je, nimekufa?"

"Usiseme hivyo, Lako."

"Basi kwa nini kwangu kuna kimya? Kila asubuhi nashika simu. Nangoja kuulizwa habari ya mkojo, hakuna. Nimemwambia Lilly aniulize. Hajui kuuliza."

Lilly akacheka. Teresina hakucheka. Aliendelea kugeuza karanga ingawa zilikuwa tayari. Kisha akaacha mwiko.

"Ni mimi niliyekupa," alisema.

"Nini?"

"Kile kikohozi. Pakele. Nilikupa wakati ule, kwa kikombe, kwa mate yangu. Halafu nimekupa tena mara ya pili, kwa kisu cha daktari."

Lako alishusha barakoa. Alimtazama dada yake kwa muda, na uso wake, uliotakiwa kuwa wa huruma, ukaanza kukunjana kwa hasira halisi.

"Wewe ulinipa mimi? Nani kakwambia wewe ndiye ulikohoa kwanza?"

"Nakumbuka."

"Hukumbuki kitu! Mimi ndiye nilikohoa kwanza. Nilikitoa kwa kina Lam, kwenye kichuguu. Yule mtoto wake mkubwa kamasi zilikuwa zinamwagika mpaka kidevuni, na nilikula kumbikumbi mkononi mwake."

"Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka nini? Mimi nilikuwa nimelala siku mbili kabla yako. Mama alinipaka mafuta ya ufuta kifuani."

"Alinipaka mimi kwanza!"

"Alikupaka wewe kwanza kwa sababu ulikuwa unalia. Mgonjwa alikuwa mimi."

"Mgonjwa alikuwa wewe? Wewe uliyekuwa unaruka kamba?"

"Kamba ya nani? Tulikuwa na kamba sisi?"

"Kamba ya turubai! Uliikata, Mama akakuchapa!"

"Nilichapwa mwaka mwingine huo!"

Walikuwa wamesimama wote wawili. Pitia alizima mashine ili asikie vizuri, na kwenye ukimya ule sauti zao zikavuka ua hadi kwa jirani, ambaye alichungulia juu ya makuti akiwa na ndoo mkononi. Lilly alipiga makofi.

"Nyinyi wawili," alisema, "mnagombania kikohozi? Watu wanagombania shamba, nyumba, ng'ombe. Nyinyi kikohozi?"

Lako alimtazama Lilly, akamtazama Teresina, na kicheko kikamtoka puani. Teresina alijitahidi kukaza uso, akashindwa. Wakacheka hadi Lako akashika upande wa kulia wa tumbo kama anavyofanya siku zote, kumzuia mtoto asitikisike. Akacheka zaidi, kisha akakohoa.

Wote wakanyamaza. Hata jirani.

"Ni vumbi," Lako akasema, akainua mikono. "Vumbi tu! Kator yote ni vumbi." Na wakaanza kucheka upya, ila mara hii Teresina alikuwa anafuta macho kwa ncha ya lawa.

Lako alirudi kwenye kiti. Alingoja hadi dada yake akaketi chini karibu na miguu yake, kwenye gunia.

"Dada, mimi sikuletewa figo mpya kutoka dukani," alisema. "Nililetewa ya kwako. Wewe ulikohoa Pakele, ukala muhogo wa Pakele, ukapigwa na Mama. Yote iko mle ndani. Ningetaka figo ambayo haijakohoa, ningeitoa wapi?"

Teresina aliokota karanga moja iliyoanguka, akaimenya ganda lake jembamba, akaila.

"Na kesho upige simu," Lako akaongeza.

"Nitapiga."

Miezi iliyofuata haikuwa myepesi. Dawa zilipunguzwa. Damu ya Lako ilichukuliwa, ikafungwa kwenye barafu, ikapandishwa ndege kwenda Nairobi, na wao wakabaki kungoja. Majibu yalikuja yakisema virusi vimepungua kidogo. Yakaja tena: vimepungua zaidi. Halafu mvua zilipochanganya, wakati barabara za Gudele, mtaa wa Lako, zimegeuka tope na raksha hazifiki mlangoni, figo ikasumbua tena, na mara hii Daktari Florence hakuficha wasiwasi. Huenda walinzi wameamka kupita kiasi, alisema. Lako na Lilly wakaruka Nairobi.

Teresina alibaki. Hakujua kungoja, hajawahi kuwa hodari wa kungoja. Alikwenda kanisani kwa Mtakatifu Theresa baada ya kazi, wakati kwaya inafanya mazoezi, akakaa nyuma akasikiliza sauti ya pili ikikosea mahali pale pale, ikirudia, ikikosea tena. Hakuomba maneno mengi. Alimwambia Bikira Maria kwamba kwa kuwa naye alikuwa mama, angeelewa. Kisha akarudi nyumbani kukaanga karanga za kesho, na hazikuungua.

Ujumbe wa Lilly uliingia mchana, mashine ikiwa inafanya kazi. Teresina aliusoma mara tatu ndipo akauamini. Walikuwa wamelikuta shambulio mapema, wamelizima, na virusi havikurudi. Figo inafanya kazi.

Waliporudi, Daktari Florence aliwaita tena wote. Alitabasamu, lakini alikuwa mwanamke asiyependa kudanganya. "Imebaki na kovu," alisema. "Inafanya kazi, na nashukuru sana. Lakini nguvu za mwanzo haina. Itamtumikia miaka. Mingapi, siwezi kuahidi."

"Na ikichoka?" Teresina akauliza.

"Tutarudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Au tutatafuta nyingine."

Teresina akafikiri kidogo. "Mimi nimebaki na moja," alisema.

Chumba kizima kilimgeukia. "Hiyo usiiguse!" Lako akapiga kelele, kwa Kiswahili chao cha Pakele, na Daktari Florence akacheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Kisha akamwambia Teresina apande kitandani, apimwe naye shinikizo la damu, maana katika hekaheka zote hizo mwenye figo hajapimwa. Teresina alilala pale akitazama dari, ameshtuka kidogo. Hakuwa amekumbuka kwamba na yeye ni mtu wa kuulizwa habari. Shinikizo lilikuwa zuri. Daktari alimwambia apunguze chumvi.

Kiangazi kilichofuata Lako alisema anataka kwenda kuona kaburi la Mama. Hawakuwa wamekwenda tangu kurudi. Kila mwaka kulikuwa na sababu: vita, barabara, ugonjwa. Lilly alifunga dawa kwenye mfuko mmoja, na dawa hizo hizo kwenye mfuko mwingine endapo wa kwanza utapotea, na chupa za maji yaliyochemshwa. Wakashuka barabara ya Nimule asubuhi, Lako, Teresina na Pitia, wakavuka mpaka, wakafika Pakele jua likiwa limelainika.

Hawakuitambua. Kulikuwa na maduka, kulikuwa na nyumba za matofali, kulikuwa na wakimbizi wapya waliokimbia vita vipya, wakizungumza Kiswahili kile kile kibovu. Teresina alisimama barabarani akawasikiliza wanawake wawili wakibishana bei ya nyanya, na machozi yakamjia kwa ajili ya sarufi yao. Kaburi walilipata kwa kuuliza. Mwanamke aliyelima ufuta mahali pale alikuwa amelizunguka kwa jembe lake miaka yote, hajawahi kuligusa. Mawe yalikuwa yamekaa kama walivyoyaacha. Walifyeka nyasi, wakasali. Pitia akapanga upya mawe yaliyoteleza, kwa ufundi wake, bila kuombwa. Lako alikaa chini, akazungumza na mama yao kwa Kibari, maneno ambayo Teresina aliyasikia lakini hakuyachukua. Yalikuwa ya wawili.

Wakiwa njiani kurudi kwenye stendi, walisikia mlio. Chuma juu ya chuma, ukipanda na kushuka kama punda anayelalamika. Teresina na Lako walisimama pamoja.

"Ni ile," Lako akasema.

Ilikuwa pampu ya maji ya kambini, ile ile, imepakwa rangi ya samawati juu ya rangi yake ya zamani. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi. Teresina aliwasalimu, akaeleza kwamba wao ni watoto wa hapa, wa zamani. Mmoja akampisha mpini. Alipampu mara kadhaa, akakinga viganja, akanywa, maji yakamtiririka hadi viwikoni.

Lako alisimama kando na chupa yake mkononi. Maji yale hakuruhusiwa hata kuyaonja.

"Niambie," alisema.

"Nikwambie nini?"

"Maji."

Teresina akakinga tena, akayashika mdomoni kwa muda, akameza.

"Yana ladha ya chuma," alisema. "Na baridi ya kuuma meno. Na nyuma yake, karibu na koo, kuna kitu kama udongo siku ya mvua ya kwanza."

Lako alifumba macho. Alifungua chupa, akanywa maji yaliyochemshwa Gudele, taratibu sana.

"Endelea," alisema.